Uzi: Ninamuuguza mume wangu aliyepooza. Je, serikali ina malipo yoyote kwa mke anayemlea mumewe?

#1 Mama Mkorosho
Habari za jioni, ndugu zangu.

Mume wangu ana miaka 72. Mwaka juzi, siku chache baada ya mnada wa kwanza wa korosho, alianguka uani akiwa ameshika ndoo, na tangu siku hiyo upande wake wa kulia haufanyi kazi na maneno yanayomtoka ni mawili matatu tu. Mimi nina miaka 63. Namlisha, namwogesha, namgeuza usiku, na kwa sababu hiyo siwezi kwenda kibarua wala kukaa sokoni kama zamani. Tunaishi kijijini, juu ya tambarare ya Makonde.

Mwezi uliopita kijana mmoja aliyekuja msibani kutoka Uingereza alituambia kwamba huko mke anayemlea mume mwenye ulemavu hulipwa na serikali kila wiki. Nilipouliza hapa kwetu kama kuna kitu cha namna hiyo, nilijibiwa maneno matatu: "Nyinyi mna mikorosho." Ni kweli tunayo, kama arobaini hivi, na nusu yake imezeeka, na tangu mzee aanguke hakuna aliyeipulizia dawa.

Naomba mwenye kujua anieleze. Je, kuna malipo ya mlezi katika nchi yetu? Kama yapo, nibishe mlango gani? Na kama hayapo, niambieni hayapo ili niache kusumbua watu.

#2 Karani Mstaafu
Pole kwa kuuguza, mama. Nitangulize jibu fupi ili usikae ukisubiri: Tanzania Bara haina sheria inayomlipa mke au mume kwa sababu tu anamlea mwenzake nyumbani. Fedha zilizopo ama humfuata mwenye ulemavu mwenyewe kupitia michango aliyokatwa kazini, ama huifuata kaya nzima kupitia Mpango wa Kunusuru Kaya Maskini unaosimamiwa na TASAF, yaani Mfuko wa Maendeleo ya Jamii. Kinachobaki ni misamaha ya matibabu, ambayo haikupi shilingi mkononi bali inakuepusha kuitoa. Mlezi hana safu yake katika daftari lolote kati ya hayo.

Naomba utujulishe jambo moja kabla hatujaendelea. Je, mzee aliwahi kuajiriwa mahali akakatwa michango, hata kwa miaka michache?

#3 Mmwera Halisi
Karani amejibu vizuri, lakini amelizunguka neno lenyewe. Huku kwetu mwenye mikorosho hahesabiwi kuwa maskini, na hilo kila mtu analijua kuanzia Nachingwea mpaka Tandahimba. Mnaoketi mjini mnadhani mkorosho ni kivuli cha kulalia mchana, kumbe kwa jirani ni akaunti ya benki iliyosimama shambani. Jina la mama likitajwa kwenye mkutano, mtu mmoja atanyoosha mkono na kusema "huyu ana shamba", na hapo jambo limekwisha. Hiyo ndiyo sababu, na sioni nyingine ya kutafutwa.

#4 Bi Mkubwa wa Chikongola
Ndugu Mmwera (#3), nakupinga kwa heshima, kwa sababu niliwahi kukaa kwenye kamati ya jamii ya mpango huo. Mkutano wa kijiji hutaja kaya zinazodhaniwa kuwa duni, kisha wahojaji huzipitia kaya hizo nyumba kwa nyumba na dodoso, wakiuliza watu ni wangapi, paa ni la nini, sakafu ni ya nini, wanapikia nini na wanamiliki nini. Majibu hupelekwa kuchakatwa, na orodha inayorudi husomwa tena mbele ya mkutano. Mkorosho ni swali moja kati ya maswali mengi. Nimeona kaya yenye mikorosho sitini ikaingia, kwa kuwa ilikuwa na bibi mmoja na wajukuu sita chini ya paa la makuti, na nimeona kaya isiyo na mti hata mmoja ikaachwa nje.

Mama, nyumba yenu imeezekwa kwa nini?

#5 Mama Mkorosho
Imeezekwa bati. Mwanangu wa pili alikuwa Dar es Salaam akifanya kazi ya ujenzi, akatuma bati ishirini na nne mwaka ule kabla baba yake hajaanguka, na sasa yeye mwenyewe hana kazi. Ina maana bati hilo ndilo lililoniponza?

#6 Fundi Bati
Mama, mimi nimeezeka nyumba nyingi sana Masasi na Nanyumbu, na leo ndiyo mara ya kwanza kusikia kwamba kazi yangu inawaondoa watu kwenye ruzuku. Sasa nitaanza kuwaonya wateja: ukitaka bati, kubali utajiri! Ila naomba Wamakonde wasinisingizie, kwani hata wangebaki na makuti wangesema mkutanoni kwamba wanajiweza, kwa kiburi tu.

#7 Mtoto wa Mikindani
Fundi, wewe Mmakua utani wako umeruhusiwa, ila usisahau kwamba bati lako lenyewe huvuja. Turudi kwa mama.

Mimi nina maelezo tofauti na ya #3 na #4. Utambuzi wa kaya haufanyiki kila siku. Mpango ulianza mwaka 2012, na katika kipindi cha kwanza haukufika kila kijiji, bali takriban asilimia sabini ya vijiji na mitaa. Kipindi cha pili kilizinduliwa Februari 2020 ili kufika pale palipobaki. Mzee ameanguka mwaka juzi. Wakati majina yanachukuliwa alikuwa mzima, anapanda mkorosho na kushuka. Kaya ya mama haikukataliwa kwa ajili ya shamba wala bati. Haikuwa na mgonjwa siku ile, na baada ya hapo hakuna aliyerudi kuuliza.

#8 Mlindi Ughaibuni
Salamu kutoka Leicester. Mimi ni mzaliwa wa Lindi, na kwa kuwa limetajwa jambo la huku ninakoishi, afadhali lielezwe sawasawa, maana vijana wetu wanaporudi nyumbani husimulia nusu.

Ni kweli huku kuna posho ya mlezi. Katika mwaka wa fedha wa 2025/26 ilikuwa pauni 83.30 kwa wiki. Ili uipate, lazima umlee mtu kwa saa 35 au zaidi kwa wiki, kipato chako cha kazi kisizidi kikomo kilichowekwa (mwaka huo kilikuwa pauni 196 kwa wiki) baada ya makato yanayoruhusiwa, na yule unayemlea awe tayari amekubaliwa kupata posho yake mwenyewe ya ulemavu. Aliyeanza kuhitaji msaada baada ya kufikisha umri wa pensheni, ambao mwaka huo ulikuwa miaka 66, huomba posho ya uangalizi, nayo mwaka huo ilikuwa pauni 73.90 au 110.40 kwa wiki kulingana na ukubwa wa haja yake. Hiyo haiangalii utajiri wala umaskini, kwa hiyo hakuna atakayekuuliza habari za mikorosho.

Sasa sikieni sehemu ambayo kijana wa msibani hakuisema. Posho ya mlezi na pensheni ya serikali hazilipwi kwa pamoja. Mke mwenye miaka 68 anayepokea pensheni inayozidi kiwango cha posho ya mlezi hupewa barua yenye maneno mazuri inayosema kwamba anastahili, lakini fedha hapati. Barua hiyo humsaidia tu kama kipato chake ni kidogo, kwa sababu humfungulia nyongeza katika msaada mwingine wa wazee maskini. Jirani yangu hapa, bibi wa Kiingereza, amemgeuza mumewe kitandani kwa miaka minne na hajawahi kulipwa senti ya posho ya mlezi. Kwa hiyo, mama, hata huku mke mzee anayemlea mume mzee ndiye hasa anayeanguka katikati ya mistari.

#9 Mmwera Halisi
Basi tuseme hivi: kule wana barua, sisi tuna mkutano wa kijiji. Ahsante, Mlindi.

#10 Mpemba wa Shangani
Mnatafuta mbali, na jibu lipo ng'ambo ya maji. Zanzibar ilianza Pensheni Jamii Aprili 2016. Kila mzee mkazi aliyefikisha miaka 70 hulipwa, awe tajiri au maskini, aliajiriwa au alivua pweza maisha yake yote. Walianza na shilingi 20,000 kwa mwezi, na baadaye ikapandishwa hadi 50,000. Mzee wa miaka 72 angekuwa Unguja asingeulizwa paa lake ni la nini.

#11 Fundi Bati
Kwa hiyo ushauri wako ni kwamba mgonjwa apakiwe kwenye jahazi?

#12 Mpemba wa Shangani
Hapana, Fundi, pensheni ile ni ya mkazi wa kule, haipandiwi jahazi. Nasema tu kwamba jambo hili linawezekana ndani ya Jamhuri hii hii, na si la Leicester peke yake. Kenya nao, kupitia Inua Jamii, humlipa mzee wa miaka 70 shilingi 2,000 za Kenya kwa mwezi, na wana fungu la watu wenye ulemavu mkubwa ambalo hupokelewa na mlezi kwa niaba ya mgonjwa. Hapo angalau mlezi ameandikwa jina.

#13 Karani Mstaafu
Mifano ni mizuri, lakini mama hali chakula cha mifano. Narudia swali langu la #2: mzee aliwahi kuajiriwa?

#14 Mama Mkorosho
Samahani kwa kuchelewa, nilikuwa nambadilisha nguo.

Aliajiriwa, ndiyo. Alikuwa dereva wa lori la mkandarasi mmoja kuanzia mwaka 2009 hadi 2014. Alikatwa michango, nakumbuka alikuwa akilalamika kila mwisho wa mwezi. Kampuni ilipofunga kambi waliambiwa "michango yenu iko safi, mtafuata wenyewe". Hakufuata. Alirudi shambani, na kila nilipomkumbusha alisema korosho zikiisha atakwenda, na korosho nazo haziishi.

#15 Wakili Mkimya
Mama, hapo pana jambo, ila nalieleza kwa tahadhari ili usije ukaenda na matumaini makubwa kuliko mfuko wenyewe.

Kama aliajiriwa na kampuni binafsi, michango iko NSSF, yaani Mfuko wa Taifa wa Hifadhi ya Jamii. Wengi watakwambia uombe pensheni ya ulemavu kwa kuwa amepooza. Hiyo haitakubaliwa, kwa sababu ni ya aliyepata ulemavu kabla ya miaka 60, mwenye michango ya miezi 180, au angalau miezi 36 ambayo 12 kati yake iwe mara tu kabla ya kupata ulemavu. Mzee alipooza akiwa na miaka 70, na alikuwa ameacha kazi zamani. Pensheni ya uzee ya kila mwezi nayo inadai miezi 180, ilhali yeye ana kama 60 hivi. Kinachobaki ni mafao ya mkupuo kwa mwanachama aliyefikisha umri bila kutimiza miezi hiyo. Ni malipo ya mara moja, na kiasi chake kitategemea kama mwajiri aliwasilisha kweli kile alichokata.

#16 Nahodha wa Kilwa
Neno la mwisho la Wakili ndilo kisa kizima. Mimi nilikatwa miaka mitatu na kampuni moja ya uvuvi ambayo sitaitaja, na nilipokwenda kuulizia nikakuta miezi minane tu ndiyo iliyowasilishwa. Mama aende na karatasi za mshahara kama zipo. Bila hizo atabishana na kompyuta.

#17 Mama Salfa
Nimesoma uzi wote kwa kuwa yananihusu. Karani (#2) amesema mlezi hana safu katika daftari lolote, na hapo naomba kumsahihisha, kwa sababu mimi nimelipiwa.

Mume wangu alikuwa mpakiaji katika ghala la korosho. Mwaka 2018 gunia la kilo themanini lilimwangukia mgongoni akiwa kwenye ngazi ya lori, na kuanzia kiunoni kushuka chini hajisikii. Mwajiri alikuwa amejisajili katika Mfuko wa Fidia kwa Wafanyakazi, akatoa taarifa mapema. Mbali na malipo ya mume wangu ya kila mwezi ya ulemavu wa kudumu, sheria ile ina fungu la mtu anayemhudumia mgonjwa, pale ambapo mgonjwa hawezi kufanya mambo ya lazima ya maisha bila mtu kuwa naye muda wote. Daktari alijaza fomu, wakaja kuona, na fungu hilo likaongezwa. Fedha huingia kwa jina la mume, lakini kazi iliyoandikwa pale ni yangu.

#18 Karani Mstaafu
Nimesahihishwa kwa haki, dada. Nilisema "daftari lolote" kwa haraka ya mstaafu.

#19 Wakili Mkimya
Mama Salfa amesema kweli tupu, ila wasomaji wasikimbilie huko wote. Sheria ya Fidia kwa Wafanyakazi ni ya mwaka 2008, na mfuko ulianza kazi Julai 2015. Unalipa ajali au ugonjwa uliotokana na kazi, na tukio lisipofikishwa kwenye mfuko ndani ya miezi 12, haki hupotea. Mzee wa Mama Mkorosho alianguka uani kwake, miaka mingi baada ya kuacha lori. Hata tungesema kwamba lori ndilo lililompandisha shinikizo la damu, sioni daktari atakayeandika hivyo.

#20 Ustadh wa Mingoyo
Nimesoma kwa utulivu na ningependa kuuliza swali ambalo wengi wanaliogopa. Mke kumhudumia mumewe mgonjwa ni wajibu na ni ibada. Tukianza kuuliza analipwa shilingi ngapi, je, hatujaifanya ndoa kuwa ajira? Sisemi mama asisaidiwe, kwani kusaidia mgonjwa ni juu yetu sote. Nasema asilipwe kwa kuwa mke.

#21 Bi Mkubwa wa Chikongola
Ustadh, nakuheshimu, lakini wajibu hauchemki sufuriani. Kabla mzee hajaanguka, mama huyu alikuwa na meza sokoni. Meza ile leo inakaliwa na mtu mwingine. Haulizi bei ya ndoa, anauliza nani atafidia ile meza.

#22 Wakili Mkimya
Kwa kuwa wajibu umetajwa, niweke sheria mezani. Kifungu cha 63 cha Sheria ya Ndoa ya mwaka 1971 kinamtaka mume amtunze mkewe, na kinamtaka mke mwenye uwezo amtunze mumewe pale ambapo mume hawezi kujipatia riziki, kwa kiasi au kabisa, kwa sababu ya maradhi au madhara ya mwili au akili. Angalieni maneno "mwenye uwezo". Sheria haikumbebesha mke asiye na kitu. Sheria ya Watu wenye Ulemavu ya mwaka 2010 nayo inawataja ndugu na serikali za mitaa, kwa hiyo mzigo huu haukuandikiwa mtu mmoja.

#23 Ustadh wa Mingoyo
Nimekuelewa, Wakili. Bado nina shaka na neno "malipo", lakini neno "msaada" nalikubali bila masharti.

#24 Mmwera Halisi
Hata kuku wa Mingoyo wamefurahi, Ustadh amelegea. Lakini mama ana cheti cha ndoa? Bila cheti hatapokelewa popote.

#25 Wakili Mkimya
Si sahihi. Mafao ya NSSF ni ya mzee mwenyewe akiwa hai, na mwombaji ni yeye. Kinachotakiwa ni kitambulisho chake cha Taifa, namba yake ya uanachama na akaunti yenye jina lake. Mama atakwenda kama mwakilishi, si kama mke. Na ikifika mahali ndoa yenyewe inahojiwa, kifungu cha 160 cha Sheria ile ile ya Ndoa kinadhani kwamba mwanamume na mwanamke walioishi pamoja miaka miwili au zaidi na kutambulika kama mume na mke wameoana, mpaka ithibitishwe vinginevyo.

Ugumu upo kwenye kutia sahihi. Mama, mzee anaelewa anachoambiwa?

#26 Mama Mkorosho
Anaelewa kila kitu. Mkimtaja marehemu dada yake, machozi humtoka. Kalamu ndiyo hawezi kuishika, na mkono wa kushoto hutetemeka.

#27 Wakili Mkimya
Basi dole gumba linatosha, mradi asomewe maandishi mbele ya shahidi na aonyeshe kwamba ameelewa. Tengenezeni hati ya kumpa mama uwakilishi sasa, wakati akili yake iko timamu. Akipoteza fahamu, hati hiyo haiwezi kutengenezwa tena, na mtalazimika kwenda mahakamani.

#28 Dada Muuguzi
Samahani, mimi sizungumzii sheria. Nimefanya kazi wodini na sasa namwuguza baba yangu, na nasoma hapa watu wakihesabu miezi 36 na miezi 180 wakati mgonjwa yupo kitandani usiku huu.

Mama, unamgeuza kila baada ya saa ngapi? Iwe saa mbili, mchana na usiku. Angalia nyonga, visigino na pale juu ya makalio kila unapomwogesha, na ukiona wekundu ambao haupotei ukiubonyeza kwa kidole, hicho ni kidonda kinachoanza ndani kabla hakijaonekana nje. Weka mto kati ya magoti. Usimvute kwenye shuka, mnyanyue. Pampasi za dukani ni ghali, na mimi hutumia vitenge vikuukuu juu ya karatasi ya nailoni, navichemsha. Kidonda kikifunguka, gharama yake itameza mkupuo wote wa NSSF.

#29 Mama Mkorosho
Namgeuza ninapoamka. Wakati mwingine usingizi hunishinda mpaka alfajiri. Kuna wekundu kwenye kisigino cha kulia. Nitaweka mto leo.

#30 Mtoto wa Mikindani
Kuhusu gharama za matibabu, Sera ya Taifa ya Wazee ya mwaka 2003 inamtambua mtu wa miaka 60 na kuendelea, na wazee wasiojiweza wana haki ya kutibiwa bila malipo katika vituo vya serikali. Mama aulizie kitambulisho cha mzee kwa afisa ustawi wa jamii wa halmashauri, na achukue viwili, kwa kuwa yeye mwenyewe ana miaka 63. Amesahau kwamba naye ni mzee!

#31 Nahodha wa Kilwa
Kitambulisho ninacho. Dirishani nilipokelewa kwa heshima zote, nikaandikiwa dawa tatu, nikaambiwa mbili nikanunue nje. Haki ya kumwona daktari ipo, haki ya kidonge hutegemea kabati. Afadhali Bima ya Afya ya Jamii iliyoboreshwa, iliyokuwa shilingi 30,000 kwa mwaka kwa kaya ya watu sita.

#32 Dada Muuguzi
Nayo haiweki dawa kabatini, Nahodha. Na kwa mgonjwa wa kiharusi uanzie zahanati au kituo cha afya upate barua ya rufaa, maana ukiruka ngazi utalipishwa kama usiye na bima.

#33 Fundi Bati
Kuna asilimia mbili ya mapato ya ndani ya halmashauri kwa watu wenye ulemavu. Kwa nini mama asiombe hiyo?

#34 Karani Mstaafu
Kwa sababu huo ni mkopo, Fundi. Hauna riba, lakini hurejeshwa. Utaratibu ni asilimia kumi, nne kwa wanawake, nne kwa vijana na mbili kwa watu wenye ulemavu. Ulisitishwa Aprili 2023, ukarudishwa mwaka uliofuata. Ni mzuri kwa fundi viatu mwenye ulemavu anayetaka cherehani. Ukimkopesha mtu aliyelala kitandani, marejesho yatatoka wapi, kama si kwenye ile mikorosho isiyopuliziwa dawa?

#35 Mama Salfa
Nimekuwa nikifikiria swali la kwanza, kwa nini kaya ya mama haikuingia. Mmesema mikorosho, mmesema bati, mmesema tarehe. Hakuna aliyemuuliza kama alikuwepo mkutanoni.

Mkutano wa kijiji huitishwa saa tatu na huanza saa sita. Mwanamke mwenye mgonjwa wa kugeuzwa kila saa mbili hawezi kukaa pale. Mimi sikuwahi kuhudhuria hata mmoja tangu mwaka 2018. Asiyekuwepo husemewa na jirani, na jirani huona bati, kisigino hakioni.

#36 Bi Mkubwa wa Chikongola
Hilo sikuliwaza, na nilikuwa kamatini. Lakini bado nasema dodoso lingeweza kumnasa kama wahojaji wangefika.

#37 Mtoto wa Mikindani
Wahojaji hufika kwa waliotajwa mkutanoni. Kwa hiyo Mama Salfa na mimi tunasema jambo moja kwa njia mbili.

#38 Mmwera Halisi
Nami nasema bado ni mikorosho. Angekuwepo mkutanoni wangemwambia hivyo machoni pake, na ndivyo alivyojibiwa alipouliza.

#39 Bi Mkubwa wa Chikongola
Vyovyote iwavyo, mama, peleka malalamiko kwa maandishi kwa mtendaji wa kijiji, na nakala kwa mratibu wa mpango aliye halmashauri. Andika tarehe mzee alipoanguka, andika kwamba kaya haina tena nguvukazi, na ambatisha cheti cha daktari. Usiandike habari za Uingereza. Na ubaki na nakala yenye muhuri wa kupokelewa.

#40 Mama Mkorosho
Ahsanteni, wanangu. Nimepekua sanduku la mzee usiku huu. Kadi ya NSSF nimeikuta ndani ya kopo la maziwa, pamoja na leseni yake ya udereva na karatasi mbili za mshahara za mwaka 2012. Namba ya kadi inasomeka, isipokuwa tarakimu mbili za mwisho zimeliwa na kutu ya kopo. Nilimwonyesha, akacheka, kicheko cha upande mmoja, kisha akasema neno ambalo sijalisikia tangu aanguke: "Korosho."

Jirani amekubali kukaa naye Jumatatu kuanzia asubuhi mpaka adhuhuri. Katika muda huo naweza kufika kwa mtendaji wa kijiji, au kushuka mjini kuulizia NSSF, lakini si kote kuwili. Nianze wapi?

#41 Karani Mstaafu
Anza NSSF. Karatasi za mshahara zitakuwa na namba kamili.

#42 Bi Mkubwa wa Chikongola
Anza kwa mtendaji. Mkupuo umekaa miaka kumi na moja, hautakimbia kwa wiki moja.

#43 Dada Muuguzi
Anza zahanati, uombe waje kukiona kisigino.